Kufundisha kompyuta na dizaini sekondari: mwongozo kamili kwa mwalimu mwenye mashine chache na wanafunzi wengi

Walimu wenzangu, naandika huu mwongozo kwa sababu somo la kompyuta linaumizwa sana na namna tunavyolifundisha. Mwanafunzi anakaa darasani miaka, anakariri tofauti ya RAM na ROM, anachora kibodi kwenye daftari, anataja vifaa vya kuingizia na kutolea taarifa bila kukosea, alafu siku akiambiwa atengeneze tangazo moja tu la mdahalo wa shule anafungua Word, anamwaga rangi saba, picha kaivuta upande mmoja mpaka watu wamekuwa wanene, na faili lenyewe hajui kalisevu wapi. Na mtihani alifaulu huyo.

Msimamo wangu ni huu: kompyuta na dizaini vifundishwe pamoja, kupitia kazi ambayo kuna mtu kweli anaisubiri, na kila anachobonyeza mwanafunzi ajue ndani ya mashine kimetokea nini. Vitufe vinahamishwa kila toleo jipya la programu likitoka, lakini pikseli (vile vidoti vya rangi vinavyounda picha), faili, rangi na jicho la msomaji vinabaki vile vile. Ukimfundisha hivyo, hata akikutana na programu ambayo hajawahi kuiona atajua pa kuanzia.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho kabla hujapanga somo

Usianze na silabasi, anza na chumba. Ingia kwenye maabara siku ambayo hakuna wanafunzi, washa kila mashine, andika kwenye karatasi ipi inawaka, ina RAM kiasi gani, diski imebaki na nafasi kiasi gani, kibodi ipi ina vitufe vilivyokufa. Mashine yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa kwa kazi za sekondari, Inkscape na GIMP zinafanya kazi humo ilimradi usifungue madirisha ishirini ya brauza kwa wakati mmoja. Zile zilizochoka zaidi zipewe mfumo endeshi wa bure wa Linux, ule mwepesi kama Lubuntu au Xubuntu, utashangaa mashine uliyotaka kuitupa inarudi kazini.

Programu za kuweka, zote za bure na halali: Inkscape kwa kuchora vekta (michoro inayokuzwa bila kuharibika), GIMP kwa kuhariri picha, LibreOffice kwa nyaraka, Scribus ukifika kwenye kupanga kurasa za jarida au gazeti la shule, na Krita kwa wale wanaopenda kuchora kwa mkono. Blender nayo ni ya bure ila inataka mashine yenye nguvu, iache kwanza. Pakua faili za kuinstolia mara moja tu, ziweke kwenye flashi, alafu zungusha mashine kwa mashine, hakuna haja ya kila kompyuta kula bando la intaneti. Kama intaneti ni ya shida kabisa weka na Kiwix, inakupa Wikipedia nzima bila mtandao ukishapakua faili lake mara moja, wanafunzi watapata pa kusoma.

Nakusihi jambo moja, usiweke programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli zitumike bure. Najua kishawishi ni kikubwa na mtu atakuambia anayo Photoshop kwenye flashi yake, lakini flashi hizo ndizo zinazoleta virusi kwenye maabara nzima, na tena utasimamaje mbele ya darasa kufundisha haki ya mwenye kazi wakati kazi ya mwenzio umeichukua kwa mlango wa nyuma?

Kuhusu Canva, ile programu ya dizaini ya mtandaoni, siipingi. Ina nafasi yake, inafaa kwa kazi za haraka. Ila usianze nayo, kwa sababu violezo vyake vimeshafanya maamuzi yote ambayo wewe unataka mwanafunzi ajifunze kuyafanya mwenyewe. Akishajua kwanini kichwa cha habari kimekaa pale ndipo umpe kiolezo, atakitumia vizuri na atajua kukivunja.

Hatua ya 2: Panga watu na viti

Meza zikae kuzunguka kuta, skrini zote zikitazama katikati, wewe ukisimama katikati unaona kila skrini bila kupita kwenye migongo ya watu. Jambo dogo hili linapunguza nusu ya fujo.

Wawili kwa mashine moja, na kila mmoja ana kazi yake. Mmoja anashika mausi na kibodi, mwenzake anasoma maelekezo, anasema wafanye nini na anakagua. Kila dakika kumi na tano wanabadilishana, weka saa inayolia, usiache kwa hiari yao. Nasisitiza hili kwa sababu ukiacha kwa hiari, aliye na kompyuta nyumbani ndiye atakayeshika mausi mwaka mzima na mwenzake atakuwa mtazamaji, na kwenye madarasa ya mchanganyiko mara nyingi sana ni wasichana ndio wanaoachwa watazame. Saa ikilia hakuna mjadala, mausi inahama. Kama mko wengi kiasi cha watu wanne kwa mashine, wawili wanafanya kazi kwenye skrini na wawili wako mezani na karatasi na penseli wakichora kazi inayofuata, alafu mnabadilishana katikati ya kipindi.

Na wewe mwalimu, usiguse mausi ya mwanafunzi. Mikono nyuma. Akikwama mwulize "ulitaka kitokee nini? kimetokea nini?" mpaka aone mwenyewe. Ukimshikia ukabonyeza, kimefanyika mara moja na yeye hajajifunza chochote, kesho atakuita tena kwa kitu kile kile.

Hatua ya 3: Faili na folda, hapa usikimbie

Wanafunzi wengi wa sasa wamekulia kwenye simu, na simu inaficha faili, picha ziko "kwenye galari" basi. Dhana kwamba kitu kina mahali pake, kina jina na kina aina, hawana. Kwaiyo tumia wiki mbili tatu za mwanzo hapa hata kama unaona kama unachelewa.

Fanya hivi. Kila jozi itengeneze folda ya darasa, ndani yake folda ya jina lao, ndani yake folda tatu: michoro, kazi, mwisho. Kisha wafundishe kutaja faili kwa mpangilio unaoeleweka, mfano `bango_mdahalo_v1`, likirekebishwa linakuwa `v2`, alafu `v3`, hakuna kusevu juu ya la zamani na hakuna faili linaloitwa "final final kweli". Herufi ndogo, hakuna nafasi katikati ya maneno. Baada ya hapo cheza mchezo wa kutafuta: wewe ficha faili kumi kwenye folda mbalimbali za mashine, wape orodha, wakuletee anwani kamili ya kila moja kuanzia diski mpaka jina la faili. Wanaupenda mno, na wakimaliza wanaelewa folda kuliko mhadhara wowote.

Kwenye Windows washa ile sehemu ya kuonyesha viambishi vya faili, ipo kwenye View ya File Explorer, kwa kawaida imezimwa. Hii ina faida mbili. Mwanafunzi anaona kwamba `.png`, `.jpg`, `.svg` na `.docx` ni vitu tofauti, na pili anaona hatari ya faili linaloitwa `picha.jpg.exe` ambalo sio picha hata kidogo, ni programu imejificha.

Hapo hapo fundisha tofauti ya kusevu na kuexport. GIMP ukibonyeza Save inakupa faili la `.xcf` lenye leya zote (matabaka ya picha yaliyopangwa moja juu ya jingine), ndilo la kurekebishia kesho, na ukitaka picha ya kumtumia mtu unaexport kwenda PNG au JPEG. Wanafunzi wanakasirika mwanzoni, wanaona usumbufu, lakini hili ndilo linalotenganisha mtu anayeweza kurekebisha kazi yake na yule anayeanza upya kila akiambiwa badilisha tarehe.

Hesabu moja ya kufanya ubaoni, chukua kipindi kizima kama inabidi. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukitaka kuprinti vizuri unahitaji pikseli 300 kwa kila inchi, yaani 2480 kwa 3508. Zidisha unapata pikseli 8,699,840. Kila pikseli inabeba nyekundu, kijani na bluu, baiti moja kila rangi, kwaiyo mara tatu ni baiti 26,099,520, kama megabaiti 25 hivi kabla ya kubana. Sasa waonyeshe JPEG ya ukubwa huo huo wa pikseli ikiwa na megabaiti mbili au tatu, waulize zile nyingine zimeenda wapi. Mjadala utakaotokea hapo ni dhahabu: JPEG inatupa taarifa ambazo jicho haliziangalii sana, na kila ukilifungua ukalisevu tena inatupa nyingine, ndio maana picha iliyosambazwa sana inaonekana chafu, hasa pembeni ya maandishi. PNG haitupi kitu.

Hatua ya 4: Karatasi kwanza

Hakuna kuwasha programu ya dizaini mpaka kuwe na mchoro wa penseli. Hii ni sheria ya darasa langu na nitaitetea popote. Mwanafunzi akiwa mbele ya skrini anaanza na kile programu inachompa, vivuli, fonti za mapambo, herufi zinazopinda, na wazo lenyewe linakufa. Kwenye karatasi hana cha kumvutia zaidi ya wazo lake.

Kila mtu akunje karatasi moja mara mbili apate vyumba vinne, achore bango lile lile kwa namna nne tofauti, dakika tatu kila moja, hakuna kupaka rangi, maandishi yawe mistari tu na picha iwe boksi. La kwanza litakuwa lile kila mtu angelichora. La tatu na la nne ndipo kichwa kinaanza kufanya kazi.

Kwa kufundisha mpangilio tumia mikasi. Andika taarifa za tukio moja kwenye vipande vya karatasi: jina la tukio, siku, saa, mahali, mwandaaji, maelezo kidogo. Wavipange juu ya karatasi nyeupe, wavisogeze, kisha uliza maswali haya kwa kila kundi. Jicho linatua wapi kwanza? Vitu vinavyohusiana viko karibu? Siku na saa zimekaa pamoja au moja iko juu nyingine iko chini kabisa? Vipande vinaanzia kwenye mstari mmoja upande wa kushoto au kila kimoja kina pa kwake? Na je kuna mahali patupu?

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mwanafunzi anaogopa nafasi tupu, anaona kama hajamaliza kazi, anajaza maua kwenye pembe, anajaza nyota, anaweka logo mara mbili. Mwachie ajaze, kisha mwambie aondoe kitu kimoja, tazameni, aondoe kingine, tazameni tena, mpaka mfike mahali ukiondoa kingine ujumbe unapotea. Hapo simama. Kisha mwambie afinye macho mpaka kila kitu kionekane ukungu: kile kinachobaki kinaonekana ndicho msomaji anayepita haraka atakachokiona. Kama kinachobaki ni ua la pembeni na sio jina la tukio, dizaini bado.

Hatua ya 5: Pikseli na vekta, na siku ambayo picha inageuka maandishi

Sasa washeni mashine. Anza na picha yoyote ya pikseli, ikuze mara nane, waone viboksi. Kisha fungua mchoro wa Inkscape, ukuze vile vile, kingo ni safi. Eleza kwa ufupi: picha ya pikseli ni meza ya rangi, vekta ni maelekezo ya kuchora. Ndio maana logo inachorwa kwa vekta, iweze kukaa kwenye kalamu na kwenye ukuta bila kuharibika, na picha ya mtu inabaki pikseli kwa sababu uso hauna maelekezo mafupi.

Wengi wanaishia hapo na ni hasara, kwa sababu kipindi kinachofuata ndicho kizuri kuliko vyote kwenye somo hili. Wafungue Notepad au programu yoyote ya maandishi matupu, waandike haya, ni mchoro wa vekta wa aina ya SVG:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" width="200" height="200">
  <circle cx="100" cy="100" r="80" fill="#008000"/>
</svg>
```

Walisevu kama `duara.svg`, wahakikishe pale kwenye aina ya faili wamechagua All files la sivyo Notepad itawapa `duara.svg.txt`, na hapo utaona faida ya kuwa wamewasha viambishi. Kisha walifungue kwa brauza. Duara la kijani linatokea. Darasa linakuwa kimya kidogo alafu linalipuka, maana wameandika maneno na mashine imechora.

Usieleze chochote bado. Waambie wabadilishe 80 iwe 40, wasevu, warefreshi ile kurasa. Wabadilishe `cx`. Wabadilishe rangi. Waongeze duara la pili chini ya la kwanza, waone lipi linakaa juu, hapo umefundisha leya bila kutaja neno leya. Kuna atakayesahau alama ya nukuu na brauza itamgomea, itamwonyesha ujumbe wa kosa wenye namba ya mstari, msomesheni ule ujumbe pamoja darasa zima, neno kwa neno, kwa sababu kusoma ujumbe wa kosa bila kuogopa ni ujuzi mkubwa kuliko kuchora duara. Mwisho wafungue faili hilo hilo kwa Inkscape, wavute duara kwa mausi, wasevu, walirudishe kwenye Notepad waangalie. Namba zimebadilika, na Inkscape imeongeza mistari yake mingi. Kazi ya nyumbani ni kuchora bendera au alama yoyote rahisi kwa kuandika namba tu kwenye karatasi ya miraba. Anayefanya hili ameshaanza kuprogramu, na kutoka hapa kwenda HTML na CSS, lugha za kutengenezea kurasa za wavuti, ni mwendo mfupi.

Hatua ya 6: Rangi na herufi

Rangi kwenye skrini ni namba tatu, kila moja kutoka 0 mpaka 255, jumla ya rangi zinazowezekana ni 16,777,216. Ule msimbo wa `#008000` ni namba hizo hizo zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, na kama hisabati ya darasa inaruhusu fundisha mfumo huo hapa hapa, utaeleweka kwa sababu una kazi.

Lakini swali la dizaini sio rangi ngapi zipo, ni kama mtu anaweza kusoma. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote, unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake ifike angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu cha `#767676` juu ya nyeupe kinapita kwa kupenya tu, 4.54, na `#777777` ambacho kwa jicho huwezi kukitofautisha nacho kinafeli kwa 4.48. Waonyeshe hizo mbili. Kuna vikokotoo vya bure vya kupima, lakini kipimo cha darasa ni rahisi zaidi: bandika bango ukutani, rudi nyuma mita tano, soma. Njano juu ya nyeupe inajiumbua yenyewe.

Usisahau wasioona tofauti ya nyekundu na kijani, kwenye darasa kubwa inawezekana kabisa yupo na hajawahi kumwambia mtu. Waambie wanafunzi wageuze kazi yao iwe ya kijivu tupu kabla ya kuikabidhi, kama ujumbe bado unaeleweka basi rangi imetumika vizuri, kama umepotea maana yake walitegemea rangi peke yake.

Herufi: fonti mbili zinatosha, moja ya vichwa na moja ya maelezo. Hakuna kuvuta herufi ziwe nyembamba au pana kwa mausi. Aya ndefu zisiwe herufi kubwa tupu. Fonti zitoke kwenye mikusanyo yenye leseni huru kama Google Fonts. Basi, mengine watajifunza kwa kuangalia.

Hatua ya 7: Kazi yenye mtu anayeisubiri

Hapa ndipo somo linapata uhai. Tafuta mtu ndani ya shule anayehitaji kitu kweli: mkutubi anataka alama za rafu, mwalimu wa kemia anataka mabango ya usalama maabara, klabu ya mazingira ina tukio, jiko linataka ratiba isomeke. Sio zoezi la kujifanya, mtu huyo aje darasani dakika kumi aseme shida yake, na wanafunzi wamhoji. Waandae maswali kabla: nani atakisoma, atakisoma akiwa wapi, amesimama au anapita, afanye nini baada ya kusoma, kitabandikwa wapi, kitaprintiwa rangi au nyeusi na nyeupe, lini kinahitajika.

Lile swali la printa usiliache. Nimeona darasa likidizaini mabango mazuri ya rangi alafu ofisi ina printa ya nyeusi tu, kazi yote ikawa kijivu juu ya kijivu. Anayeijua printa mapema anadizaini tofauti kabisa.

Mzunguko uwe hivi: mahojiano, michoro minne ya penseli kila mtu, jozi ichague mmoja na iseme kwanini, rasimu ya kwanza kwenye kompyuta, mhusika aione, marekebisho, rasimu ya pili, kuprinti nakala moja ya majaribio, kuibandika pale pale itakapokaa, kuitazama, kurekebisha tena, ndipo nakala za mwisho. Wape wiki tatu mpaka nne. Rasimu ya kwanza mhusika ataikataa au ataibadilisha nusu, waandae wanafunzi wako kwa hilo, wasione kama wametukanwa.

Mambo ya uprintaji ya kuwaambia: picha yenye upana wa pikseli 800 ikiprintiwa kwa pikseli 300 kwa inchi inatoka sentimita 6.8 hivi, kwaiyo wasiivute ijaze karatasi. Kama rangi inafika mpaka ukingoni mwa karatasi na itakatwa, waiongeze milimita 3 nje ya ukingo kila upande. Rangi kali za skrini, zile kijani na bluu zinazowaka, zikitoka kwenye wino zinafifia, kwa sababu skrini inatoa mwanga na karatasi inategemea wino wa CMYK, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi. Na wakipeana kazi kwa WhatsApp watume kama dokumenti, wakituma kama picha inabanwa na ubora unashuka.

Hatua ya 8: Picha za watu, kazi za watu, na AI (akili mnemba)

Kuwa kwenye mtandao hakufanyi picha iwe ya bure. Fundisha leseni za Creative Commons, zipo tangu miaka ya mwanzo ya 2000 na zinaeleweka kirahisi: CC BY unatumia ukimtaja mwenye kazi, CC BY-SA unamtaja na kazi yako nayo inabaki kwenye leseni hiyo hiyo, NC hairuhusu biashara, ND hairuhusu kubadilisha, CC0 mwenyewe kaachia kabisa. Kila kazi ikabidhiwe na faili dogo la maandishi linaloeleza kila picha na fonti imetoka wapi.

Picha ya mwanafunzi mwenzako haiwekwi kwenye bango bila ruhusa yake, na kwa umri wao hata wazazi wanatakiwa wajue. Waonyeshe pia kwamba picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, fungua sifa za faili wajionee, wengi hawajui kabisa.

Kuhusu AI ya kutengeneza picha, kukataza tu hakusaidii kitu. Sheria ninayopendekeza: mchoro wa penseli ni lazima, faili la kazi lenye leya ni lazima, na ukitumia AI mahali popote useme wapi. Aliyebonyeza kitufe tu hana mchoro na hana leya, na hilo linajionyesha bila ugomvi.

Hatua ya 9: Maoni na alama

Bandika kazi zote ukutani. Hakuna kusema "nzuri" wala "mbaya". Kila anayetoa maoni aanze na mojawapo ya haya: nilichosoma kwanza ni..., sikuelewa..., jicho langu lilikwama..., ningejaribu.... Mwenye kazi anakaa kimya anaandika, hajitetei, kwa sababu bango likibandikwa nje hatakuwepo kulielezea. Mara ya kwanza itakuwa ngumu, watacheka, watanuniana, endelea nayo, kufikia kazi ya tatu wanazungumza kama watu wa fani.

Alama mimi nagawa hivi: michoro na rasimu 30, ujumbe unafika kwa msomaji 30, ufundi wa faili (majina, leya, ukubwa, aina sahihi) 20, maelezo ya maamuzi na vyanzo 20. Uzuri sijauweka peke yake makusudi, ukiuweka utaishia kumpa alama mwenye kipaji cha kuchora na kumkatisha tamaa aliyefanya kazi yote.

Kisha kuna mtihani mdogo wa vitendo ambao hauna njia ya kuukwepa. Mwanafunzi mmoja mmoja, bila mwenzake wa jozi, akae kwenye mashine, umwambie: tarehe imebadilika, na mhusika anataka toleo la A5 pia, una dakika kumi. Aliyejifunza atafungua faili la v3, abadilishe, asevu v4, apunguze kwa uwiano bila kubana herufi, aexport PDF. Aliyekuwa anatazama tu utamjua ndani ya dakika ya kwanza, maana hata folda hataipata, na huyo usimfelishe tu, mrudishe hatua ya 3 na jozi nyingine.

Umeme ukikatika na mwisho wa muhula

Kuwa na vipindi vitatu vinne vya akiba visivyotaka umeme: michoro minne, vipande vya mikasi, kuchora kwenye karatasi ya miraba na kuandika msimbo wake wa SVG kwa mkono, na kuchambua mabango yaliyoko ukutani. Viweke kwenye bahasha moja na karatasi zake kabisa, umeme ukienda unaitoa na darasa linaendelea.

Mwisho wa muhula kila mwanafunzi achague kazi tatu, kwa kila moja aweke picha ya mchoro wa penseli, rasimu ya kwanza, kazi ya mwisho, na aya moja ya kueleza alibadilisha nini na kwanini, vyote kwenye PDF moja. Faili za kurekebishia zibaki kwenye folda zao. Kopi folda ya darasa zima kwenye flashi mbili au diski ya nje, moja ikae maabara na nyingine ikae jengo jingine, kisha zifungue zote mbili kwenye mashine tofauti uhakikishe zinafunguka kabla hujafuta chochote kwenye kompyuta za maabara.